Safu ya Tatu

Jumanne ya pili ya kila mwezi
tunashuka ngazi za maktaba ya Cerro Pardo,
watu watano na birika la kahawa,
tunakalia viti vya watoto
kwa kuwa vya watu wazima vimeazimwa na kanisa.
Sisi ndio kamati. Wilaya imetupa muhuri,
daftari, na ruhusa ya kubisha hodi
kwenye kituo cha wanyama saa yoyote, bila taarifa.
Hatulipwi. Mimi nilikuwa dereva wa basi la shule.
Eufemia alifuma mazulia hadi macho yakagoma.
Wendell bado anauza matairi, na kila hoja
huipiga teke kwanza, aone kama ina upepo.

Ripoti huja kwa karatasi moja, safu tatu:
Walioingia. Waliochukuliwa. Waliolazwa.
Mwezi wangu wa kwanza niliuliza, kwa ushamba wangu,
wamelazwa wapi?
Birika likakoroma.
Eufemia akaniwekea mkono gotini:
"Hawaamki, Lorena."

Kituo kiko nyuma ya jaa, ambako upepo wa jangwa
hubandika mifuko ya plastiki kwenye uzio.
Tobias Quintana ndiye mwenye gari, na kitanzi,
na ufagio, na sindano.
Nilihesabu vizimba: ishirini na viwili.
Nilihesabu mbwa: arobaini na mmoja,
na paka mmoja juu ya mafaili, asiye na namba,
ambaye Tobias alijifanya hamwoni.
Niliandika yote. Niliandika ndoo za maji, zilikuwa safi.
Niliandika jike na wanawe sita, wamepangiwa choo cha wafanyakazi.
Halafu nikafungua droo ya mikanda ya shingo
nikakuta namba 417.

Sheria inasema siku tano.
417 alilazwa siku ya tatu.
Siku ya nne akaja mzee Arsenio Baca,
mkongojo mkono mmoja, kamba mkono mwingine.
Naye alikuwa amelazwa, nyonga imevunjika,
hospitali ya wilaya, wodi ya juu.
Kitenzi kimoja kiliwachukua wawili
kikamrudisha mmoja.

Mwezi ule viti havikutosha, hata vya watoto.
"Afukuzwe!" walisema waliosimama,
na waliokaa wakagonga meza.
Tobias alisimama, kofia mkononi.
"Jumatatu ile nililetewa kumi na mmoja
kutoka nyumba moja. Nikamtazama kila mmoja. Nikachagua.
Mnataka mnifundishe kuchagua vizuri zaidi?"

Wendell akavuta faili la Novemba:
kodi ya kituo, bei ya mkate kwa kila nyumba,
vizimba kumi na sita na msaidizi mmoja.
Ilikataliwa kwa kura tisini.
Nikainamia kahawa yangu.
Gesi ilikuwa imepanda, na mbwa sikuwa naye.
Nilitia alama kwenye Hapana nikaenda kununua mayai.
Kuna methali ya nyani; sikuimalizia hata kichwani.

Tuliandika onyo, likaingia kwenye faili lake.
Tuliandika: asilazwe mnyama bila sahihi mbili.
Nikaomba safu ya tatu iitwe Waliouawa.
Tatu kwa mbili, hoja ikaanguka;
watoto husoma ubao wa maktaba, walisema.

Sahihi ya pili Alhamisi ni yangu.
Simu hulia kabla ya mchana: "Lorena, njoo."
Nakwenda. Nasoma kadi. Namtazama mnyama
mpaka naye anitazame, ndipo nashika kalamu.
Mara mbili nimekataa. Mmoja wa hao
ananguruma sasa chini ya meza yangu ya jikoni
na amekula kiatu.

Arsenio naye huja Alhamisi, kutembeza mbwa wa watu
ambao hakuna anayewajua. Ile kamba yake
ni ndefu mno kwa wadogo, huizungusha mkononi mara tatu.
Hamsalimii Tobias.
Tobias humwachia lango wazi.